Namba Isiyorudi

Sehemu ya Tisa

"Basi kijana aape!"

Hapo ndipo nilipowakatizia wiki iliyopita, na salamu zenu zimenifikia, hata zile za matusi. Haya, turudi ofisini.

Na wewe ambaye gazeti lako lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, usihofu, utatukuta njiani. Tuko Garissa, mtaa wa Iftin, mwaka 1998. Mafuriko yamezoa mbuzi, nyumba na barabara ya Nairobi. Shirika moja limeleta mahindi ya msaada, na kompyuta ya kuandikisha familia zilizoathirika. Anayechapa kwenye kompyuta ni Ilwad, binti aliyelelewa na baba yake mdogo, Abdullahi. Anayegawa kadi na kushika ufunguo wa ofisi ni Yakub Hirsi, kijana wa Masalani.

Kila familia inapoandikwa, mashine huipa namba yenyewe. Sasa orodha imechapishwa na namba zimeruka. Ipo 118, ipo 120, lakini 119 haipo. Mbele kidogo zimekosekana mbili kwa pamoja. Mzee Kerrow, ambaye watu wake walichelewa kufika na bado hawana kadi, amekwisha kupata jibu lake: mwenye ufunguo anafuta familia na kula chakula chao. Tena Yakub ameonekana na gunia begani akielekea nyumba fulani, na hataki kusema ni nyumba ya nani, hata umchinje.

Ndiyo maana wazee wakataka kiapo.

Msahafu ukaletwa umefungwa kitambaa cha kijani, ukawekwa juu ya meza, kando ya kompyuta. Meneja wa shirika alikuwa mtu wa Mwingi, Kisomali chake hakikuzidi salamu, kwa hiyo maneno yote yalikwenda kwa Kiswahili, kila mtu na Kiswahili chake, na wazee mara kwa mara wakitamka b badala ya p, f badala ya v.

"Akiapa, yamekwisha," alisema Meneja. "Asipoapa, namkabidhi polisi leo hii."

"Waryaa, Yakub," Mzee Kerrow akamwita. "Wewe nasema hujafuta mtu. Sawa. Weka mkono hapa, aba."

Yakub aliutazama msahafu. Akaitazama mikono yake. Kisha akairudisha nyuma ya mgongo kama mtu aliyekatazwa kugusa.

"Siapi."

Ofisi ikalipuka! Wengine walisimama, wengine walipiga makofi ya mshangao, na Mzee Yarrow, ambaye husinzia kila kikao, akaamka na kuuliza nani amekufa.

"Nisikizeni," Yakub alisema. "Sijafuta mtu. Lakini siapi. Babu yangu alidhulumiwa ngamia kisimani, akaambiwa apa urudishiwe. Akawaambia chukueni ngamia. Baba naye hakuapa mpaka amekufa. Mimi ni nani nianze?"

Watu wa namna hiyo wapo huku kwetu. Haki ni yake, ushahidi ni wake, lakini ukimwekea msahafu mbele atakuachia mali aende zake, kwa sababu hataki kumshuhudisha Mungu katika ugomvi wa dunia. Wazee wanawasifu sana watu hao, ila siku wazee wenyewe wanapokuwa ndio wadai.

"Mtu asiye na hatia anaogopa nini?" Meneja aliuliza. Hakungoja jibu. Alimwambia dereva apashe gari moto.

Ilwad alikuwa amekaa nyuma ya kompyuta, mikono mapajani, jasho likimtiririka chini ya mtandio. 

Maana Ilwad alijua, msomaji. Hili niliwaficha wiki jana, mnisamehe.

Alijua tangu wiki ya pili ya kazi kwamba ile mashine huruka namba, tena huruka bila mtu kufuta kitu. Ukianza tu kuandika herufi ya kwanza ya jina, tayari imekwisha kukata namba. Ukighairi, ukabonyeza kitufe cha kukatisha, jina hupotea na namba hupotea nalo. Anayefuata hupewa namba ya mbele. Ndivyo ilivyotengenezwa, ili watu wawili wasije wakapewa namba moja.

Na Ilwad alipoteza namba nyingi. Mgeni alipoketi tu alianza kuchapa, kwa sababu ni utovu wa adabu mzee akutajie jina la baba yake nawe umekaa mikono mitupu. Wazee nao hutaja baba, babu, baba wa babu, hawana haraka. Mara nyingi wakifika babu wa tatu au wa nne ndipo Ilwad hushtuka: kumbe huyu tayari ameandikwa, ila ameandikwa kwa jina la utani analoitwa mtaani! Basi anakatisha. Namba imekwenda.

Ungemwuliza kwa nini hakusema siku ile orodha ilipoonyeshwa. Kwanza, alikwisha kujigamba. Siku ya ufunguzi alisimama mbele ya wazee hawa hawa akasema mashine haidanganyi, inahesabu yenyewe, hairuki hata namba moja. Walimpigia makofi. Baba yake mdogo alitembea mjini siku nzima akijitambulisha kama baba wa msichana wa kompyuta.

Hilo la majigambo angelimeza. La pili ndilo lililomfunga mdomo. Akisema ni yeye anayekatisha, ataulizwa amekatisha akina nani. Na katika wale wote waliokatishwa kwa sababu za kawaida, alikuwemo mmoja ambaye sababu yake haikuwa ya kawaida.

"Simameni kwanza!" Mzee Kerrow aliinua fimbo yake. "Meneja, ngoja gari. Kijana amekataa. Lakini yupo mwingine hapa alituambia maneno."

Fimbo ikashuka polepole, ikamwelekea Ilwad.

"Huyu binti alisema kombyuta hairuki namba. Kwa sababu ya maneno yake sisi tumesema kuna mwizi. Basi yeye aabe. Aseme wallahi mashini hairuki, halafu mchukue kijana."

Dunia ilimzunguka Ilwad. Ikiwa angeapa, angemtia kijana wa watu korokoroni kwa uongo na mkono juu ya kitabu. Ikiwa angekataa, wangetaka kujua kwa nini.

Hinda, mama wa chai, aliinama karibu naye akijifanya anaokota vikombe. "Naa, sema huna udhu," alimnong'oneza.

"Sina udhu," Ilwad alisema kwa sauti, na huo haukuwa uongo.

"Maji iko nje," alijibu Mzee Kerrow bila hata kupepesa. "Tutangoja."

Pipa la maji lilikuwa nyuma ya jengo, kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Ilwad alichota kwa kopo, akaanza kunawa mikono. Hakusikia hatua za mtu. Alisikia sauti tu.

"Adeer."

Alikuwa Abdullahi. Kwa Kisomali baba mdogo na mtoto wa nduguye huitana neno hilo hilo moja, adeer, na Ilwad alikua akilipenda. Leo lilimshtua.

"Sikiliza," Abdullahi alisema kwa lugha yao. "Ingia ndani uwaeleze ukweli wa mashine. Waonyeshe inavyoruka. Kijana aachiwe. Mimi sitaki mtoto wa mtu alale ndani bure."

Ilwad alitaka kulia kwa furaha. "Kweli, adeer?"

"Kweli. Ila yule mwanamke usimtaje."

Furaha ikakatika pale pale.

Yule mwanamke alikuwa Khadijo, mjane wa binamu yake Abdullahi. Mume alichukuliwa na maji ya Tana. Kwa desturi Abdullahi alikuwa na haki ya kumposa mjane wa ndugu yake, na alimposa. Khadijo alikataa. Akaja ofisini na watoto, akaketi, akataka kadi yake mwenyewe, maana mwenye kadi yake ana nyumba yake. Ilwad alikwisha kuandika jina lake na la mtoto wa kwanza, Ikran, pale Abdullahi alipoingia, akasimama nyuma ya kiti na kusema, "Huyu yuko kwangu. Kwenye kadi yangu. Mfute."

Khadijo hakupiga kelele. Alimtazama Ilwad tu, akingoja. Na Ilwad, ambaye ada yake ya chuo Nairobi ilitoka kwa ngamia wa Abdullahi, alibonyeza kitufe.

"Hayuko kwako, adeer," Ilwad alisema sasa. "Hajahamia kwako hata siku moja. Anakula nini na wale watoto?"

"Akichoka na njaa atahamia. Mwanamke mkaidi hufunzwa na sufuria yake." Abdullahi alicheka kidogo, kisha akakunja uso. "Na angekwisha kuchoka zamani, kama si huyo mjinga wako. Unafikiri lile gunia lilikwenda wapi?"

"Gunia gani?"

"La Yakub. Mahindi ya mama yake mwenyewe! Nimemwona kwa macho yangu akiliweka mlangoni kwa Khadijo na kuondoka bila kubisha. Sasa anajifanya bubu, eti watu wasije wakamsengenya mjane."

Kopo lilimponyoka Ilwad. Maji yakammwagikia miguuni.

Kumbe kijana aliyekuwa karibu kupelekwa polisi ndiye aliyekuwa akiilisha familia ambayo yeye, Ilwad, aliifuta. Na alikuwa radhi kufungwa kuliko kulitaja jina la mjane.

"Ulijua!" alisema. "Ulijua gunia lilikwenda wapi, ukakaa mle ndani ukanyamaza?"

Abdullahi hakukasirika. Alimtazama kwa upole ule ule wa siku zote.

"Na wewe, adeer? Wewe hukunyamaza?"

 Ilwad aliokota kopo, akatawadha upya toka mwanzo.

Aliporudi ndani hakuukaribia msahafu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akaiwasha, jenereta likinguruma huko nyuma.

"Mzee Kerrow, kaa hapa tafadhali."

"Mimi? Kwa nini?"

"Nataka kukuandikisha."

Mzee akaketi kwa tahadhari, fimbo katikati ya magoti. Wazee wakajisogeza nyuma yake, Meneja akaingiza kichwa kati yao.

"Jina?"

"Kerrow Korane Jama..."

"Inatosha. Namba gani hiyo imetokea?"

Meneja alisoma: "Mia nne na kumi na mbili."

"Sasa mzee amekumbuka kwamba tayari ana kadi. Ameinuka, anakwenda zake. Nami nakatisha." Kidole chake kikagonga kitufe. Jina likatoweka. "Keti tena, mzee. Jina?"

"Si nimesema? Kerrow Korane..."

"Mia nne na kumi na tatu," Meneja alisoma, na sauti ikamfia.

 Mzee Kerrow akainamia kioo.

"Kumi na mbili iko wapi?" Mzee Kerrow aliuliza.

"Haipo."

"Nani amekula?"

"Hakuna aliyekula, mzee. Ni kama kule hospitali unapochukua karatasi ya foleni, ukachoka kungoja, ukaenda nayo nyumbani. Daktari hampi mwingine karatasi yako. Anaendelea na ya mbele. Mashine ikishatoa namba haiirudishi."

"Lakini wewe ulisema hairuki!"

"Nilisema. Nilijigamba, na sikuwa nasema kweli." Uso ulimwaka moto. "Mnakumbuka alikuja hapa mtu anaitwa Ahmednoor? Akanitajia babu zake mpaka wa nne, nikaandika wote, halafu nikakuta tayari ameandikwa kwa jina lingine. Namba yake ya pili ni ile 119 mnayoitafuta."

"Ahmednoor nani?" mtu aliuliza. "Mtaa huu hakuna Ahmednoor."

"Si ni mimi!" alisema Mzee Yarrow kutoka kwenye kona. "Ahmednoor ni mimi!"

"Wewe ni Yarrow!"

"Yarrow mliniita nyinyi, kwa sababu nilikuwa mfupi. Mama yangu hakuniita hifyo!"

Kicheko kilichopasuka hapo kilimtoa hata dereva kwenye gari. Wazee walishikana mabega. Mzee Kerrow alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kilemba, kisha akamwendea Yakub, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, kijana yangu. Mdomo yangu ilikimbia."

"Nimesamehe, mzee. Haina noma," Yakub alijibu. Akaketi sakafuni pale pale alipokuwa. Alimtazama Ilwad kwa shukrani, na ile shukrani ilimchoma kuliko tusi. Kwa nini asimshukuru mtu mwingine? Kijana alikuwa amelala siku kadhaa na jina la mwizi, naye Ilwad neno la kumwokoa alikuwa nalo mdomoni muda wote.

Chai ikaagizwa. Meneja akalikunja lile rundo la karatasi, uso umemlainika.

"Kwa hiyo namba zote zilizoruka hazina watu," alisema. "Ni waliojirudia na waliobadili nia. Hakuna familia iliyodhulumiwa. Nitaandika hivyo kwa wakubwa, na kesho tunafunga uandikishaji."

Kufunga! Uandikishaji ukifungwa, Khadijo hatapata kadi tena mpaka msaada wenyewe uishe. Ilwad aliinua macho. Baba yake mdogo alikuwa ameegemea mlango, kikombe mkononi, akimpa ishara ndogo ya kichwa. Umefanya vizuri, kichwa kilisema. Sasa nyamaza.

Na ilikuwa rahisi. Watu wameridhika, kijana ameachiwa, chai inamiminwa. Nani angeuliza zaidi?

Aliyeuliza ni Mzee Kerrow, na hakukusudia ubaya. "Binti, msahafu umetoka kwenye sanduku lake, haufai kurudi hifi hifi," alisema. "Udhu unao. Weka mkono, sema namba zote zilizoruka hazina mtu, tukaswali adhuhuri na roho safi."

Ilwad akasimama. Akalifungua lile fundo la kitambaa cha kijani. Akaweka mkono wa kulia juu ya jalada.

"Wallahi," alianza, na sauti yake haikufika hata mlangoni. Akaanza upya. "Wallahi, namba zilizoruka hazina mtu. Isipokuwa moja."

Vikombe vilisimama hewani.

"Moja ilikuwa na mtu. Ni mjane, ana watoto, nyumba yake imekwenda na maji. Alikaa kwenye kiti hicho akanitajia jina lake, nikaliandika. Halafu nikamfuta, mimi, kwa mkono huu. Kila siku ya mgao alikuja mstarini akaambiwa hayumo kwenye orodha. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia."

"Astaghfirullah," alisema Hinda, birika limemlemea mkononi.

"Kwa nini ulimfuta?" Meneja aliuliza.

"Niliambiwa nimfute."

"Na nani?"

Jina lilikuwa fupi, lakini halikutoka. Aliona viatu vyake vya kwanza vya shule, alivyonunuliwa na mtu yule pale mlangoni. Alimwona akimbeba mgongoni siku ya homa. 

"Na nani, binti?"

"Msichana amechoka!" Abdullahi alisukuma watu akapita mbele, chai ikimwagika. "Joto limempanda kichwani. Nipeni mimi kitabu, niape mimi! Mimi sijamzuia mjane yeyote!"

Mzee Kerrow aligeuka taratibu kumtazama.

"Abdullahi," alisema. "Nani amekutaja wewe?"

Rangi ilimtoka Abdullahi. Lakini alikuwa amekwisha kusema mbele ya wazee wenzake, na mtu mzima wa hadhi yake harudi nyuma mbele za watu. Alinyoosha mkono. 

Ilwad akauweka na mkono wake wa pili juu ya msahafu, akaufunika wote kwa viganja.

"Usiape, adeer!" alilia. "Kwa ajili ya Mungu, usiape!"

"Kwa nini asiabe?" Mzee Kerrow aliuliza, na safari hii hakuwa akicheka. "Mtu mkweli kiabo kitamfanya nini? Sema, binti."

Hapo Ilwad alielewa alichokifanya. Alitaka kumwokoa na uongo mbele ya Mungu, na kwa kumwokoa alikuwa amemtaja mbele ya watu wote. Akiondoa mikono yake, mtu aliyemlea ataapa uongo na kuangamia. Asipoiondoa, hakuna mtu mle ndani atakayehitaji jibu jingine.

Abdullahi aliinama mpaka midomo yake ikakaribia sikio la Ilwad. Alimwambia kwa lugha yao, taratibu, kwa sauti ambayo Ilwad hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeomba.

"Ondoa mikono, adeer. Ukinipenda, ondoa mikono."

Na mkono wa Abdullahi ukatua juu ya mikono ya Ilwad, ukaanza kuvikunjua vidole vyake kimoja kimoja.